Tuanze na Asidi

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumapili alasiri katika ukumbi wa parokia hapa Lubumbashi, mbele ya wastaafu wa reli, madereva wa makamyo, mama za soko na wanafunzi wangu wa zamani. Ndugu wengi hawakuweza kufika; wengine walikuwa njiani na mizigo. Naiweka yote kama nilivyoisema.

Jambo yenu, wazazi wangu. Jambo yenu, vijana. Mama zangu mlioacha meza zenu sokoni mkaja kuketi humu ndani na joto hili la Oktoba, aksanti sana.

Wengi mnanijua. Nimefundisha jiografia katika mji huu miaka 26. Lakini leo nasimama kama mtoto wa reli na dada wa barabara. Baba yetu alifanya kazi ya reli mpaka magoti yakamshinda. Yaya yangu, kifungua mimba wa mama yetu, anaendesha kamyo njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hadi leo. Yuko pale nyuma karibu na mlango. Kwa hiyo nikisema neno baya juu ya makamyo, jueni nalisema mbele ya mtu aliyenilipia masomo kwa kazi hiyo.

Nimekuja na ombi moja: mzigo mzito urudi kwenye reli, na tuanze na asidi ya migodi ya shaba.

Nianze mbali kidogo. Nilipokuwa na miaka tisa hivi, baba alinichukua siku moja hadi kwenye njia za pembeni alikokuwa akifanya kazi. Palikuwa na behewa tupu lililotakiwa kusogezwa mita chache lifike mahali pa kupakilia, na kichwa cha treni kilikuwa mbali. Wakaja wanaume watano. Mmoja alikuwa na mtaimbo mrefu. Akauchomeka chini ya gurudumu, pale pale chuma kinapogusa chuma, akauinamia kwa uzito wake wote. Gurudumu likalia. Wale wanne wakaweka mabega, na behewa likaanza kwenda. Behewa tupu la namna ile lina tani kama 20. Baba akanishika mkono, akaniwekea kiganja kwenye ubavu wa behewa, nikalihisi linavyokwenda polepole bila kushtuka, kama mtumbwi unaoachia ufuko.

Sasa niwaulize ninyi vijana mliowahi kusukuma gari lililozimika katikati ya njia: kamyo la tani 20 kwenye lami, watu wanne wanalisogeza? Hawalisogezi. Kwa nini?

Tairi la mpira likibebeshwa mzigo linalala, linabonyea, na kila mzunguko injini inalipia ule mbonyeo kwa mafuta yake ya mazutu. Gurudumu la chuma juu ya reli halibonyei ila kidogo mno. Mahali linapogusa reli ni padogo kama sarafu. Kwa tani ile ile, gurudumu la chuma linavutwa kwa nguvu ndogo mara tano na zaidi kuliko tairi. Hilo halitegemei serikali ipi iko madarakani wala bei ya shaba iko wapi. Ni tabia ya chuma na tabia ya mpira, basi.

Wahenga walisema, mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Methali hiyo sisi wa Katanga tunayo haki nayo kuliko wengi. Mfalme Msiri aliyetawala Bunkeya, huku huku Katanga, alikuwa mtu wa upande huo wa Unyamwezi, na Wayeke wake walijua maana ya kubeba. Shaba ya nchi hii, iliyomiminwa kama misalaba, ilitoka hapa mabegani mwa watu, ikaenda mashariki hadi pwani ya Bahari ya Hindi na magharibi hadi Atlantiki. Wangapi walibaki njiani? Hakuna aliyewahesabu.

Kisha tarehe 27 Septemba 1910 treni ya kwanza ikaingia hapa, ikitoka kusini kupitia Sakania. Mji wenyewe ndiyo kwanza ulikuwa unapimwa viwanja. Tanuru la Lubumbashi liliwashwa mwaka uliofuata, 1911. Mnaona mpangilio huo? Reli ilitangulia tanuru. Vyuma vya tanuru vililetwa na treni, makaa yake ya mawe yaliletwa na treni, na shaba iliyotoka iliondoka na treni. Sisemi haya kuusifu ukoloni; wazee wetu waliopasua mawe ya njia ile wengi hawakwenda kwa hiari yao, na watoto wao hawakulipwa chochote. Nasema kwa sababu jasho lile limebaki ardhini, na ni letu.

Mwaka 1931 reli ya Katanga ilikuwa imeungana na ile ya Angola hadi bandari ya Lobito. Miaka ya 1950 waya wa umeme ukatundikwa juu ya njia, na treni zikavutwa kwa umeme wa maporomoko yetu wenyewe, wakati nchi nyingi tajiri zilikuwa bado zinachoma makaa. Miaka ya 1970 ikaja TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam. Na njia zote hizo zina upana mmoja, milimita 1,067 kati ya reli na reli. Wazee wa reli mnaliona hilo ni jambo la kawaida, lakini wanafunzi wangu huwa wanashangaa: behewa lililopakiwa Likasi linaweza kufika Lobito, au Dar es Salaam, au Durban, bila mtu kuhamisha hata mfuko mmoja.

Nini basi kilitokea?

Vita vya Angola vilifunga njia ya Lobito mwaka 1975. Uchumi wetu ukaanguka, uchimbaji ukaanguka, na reli ikakosa mataruma mapya, kokoto mpya, vichwa vipya. Nyaya za shaba zilianza kuibwa. Halafu, baada ya Sheria ya Migodi ya 2002, migodi mipya ikafunguliwa kutoka Likasi hadi Kolwezi na shaba ikarudi kwa kasi ambayo hakuna aliyeitegemea. Reli haikuwa tayari. Kamyo lilikuwa tayari. Kamyo halingoji mtu atengeneze njia yake; linapanda juu ya njia ya watu wote.

Na hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, mama zangu, kwa sababu njia ya watu wote ni njia yenu.

Mwaka 2024 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba. Tufanye hesabu ya darasa la sita. Kamyo moja linabeba tani 30 hivi. Tani milioni 3 gawanya kwa 30: safari 100,000. Gawanya kwa siku 365: makamyo 274 kila siku, Krismasi na Pasaka zikiwemo. Na hiyo ni shaba inayotoka tu. Bado kiberiti, yaani salfa, kinachoingia, bado chokaa, bado mazutu, bado mashine, bado unga wa mahindi. Na kila kamyo lililokwenda lazima lirudi.

Chukueni sasa treni moja ya kawaida, wala si treni kubwa ya Marekani: mabehewa 30, kila behewa tani 40. Hizo ni tani 1,200. Treni hiyo moja imebeba mzigo wa makamyo 40. Shaba yote ya mwaka mzima ingetoka kwa treni saba kwa siku. Saba! Wazee mliopo hapa mnakumbuka siku ambapo saba zilikuwa zimepita kabla ya jua kuwa kali.

Niwapeleke Illinois, Marekani, mwaka 1958. Wahandisi walijenga barabara za mzunguko kwa ajili ya kuziharibu tu. Wakaleta malori ya uzito mbalimbali, wakaleta wanajeshi wa kuyaendesha, na kwa miaka miwili, mchana na usiku, malori yakazunguka na kuzunguka huku watu wenye daftari wakipima nyufa. Walichogundua kimebaki msingi wa kupima lami duniani hadi leo: ukiongeza uzito wa ekseli, ule mhimili wa magurudumu, mara mbili, uharibifu hauongezeki mara mbili. Unaongezeka karibu mara 16. Ekseli ya tani 10 inaila lami kama mara 10,000 kuliko ekseli ya tani 1.

Mara elfu kumi. Narudia kwa sababu mara ya kwanza nilipoisoma nilidhani ni kosa la uchapaji. Teksi inayokupeleka Likasi, ekseli yake haifiki hata tani hiyo moja. Na lile kamyo ambalo mwenye mali amelizidishia mzigo, ekseli ikatoka tani 10 hadi 13? Tani tatu tu, utasema. Uharibifu wake umekaribia mara tatu.

Nendeni mkatazame mahali makamyo yanaposimama kungoja peaje, kulipa ada ya barabara. Nilikwenda mwezi uliopita na rula yangu ya shule. Lami ina mifereji miwili mirefu, sambamba, kila mmoja upana wa tairi pacha. Pembeni yake lami imepanda juu kama bukari, ugali wetu, iliyobonyezwa na mwiko. Niliisimamisha rula ndani ya mfereji mmoja: sentimita saba. Mvua ikinyesha, mfereji huo ni mto. Dereva wa basi dogo akitaka kupita anapanda ule ukingo wa katikati, gari linalala upande, na abiria wote wanashika viti. Mama mmoja aliyekuwa akiuza nyanya pale aliniuliza napima nini. Nilipomweleza akasema, "Mwalimu, mimi napima kwa nyanya. Zamani beseni likitoka shambani lilifika na nyanya tano zilizopasuka. Sasa natupa robo."

Nani analipa ile robo? Kampuni ya mgodi? Mnunuzi wa shaba wa ng'ambo? Anailipa yeye. Peaje tunalipa sisi, nyanya tunatupa sisi, na lami ikipasuka tunalipa tena kwa kodi ya kuitengeneza. Sisi tunalipia njia ya mzigo ambao si wetu.

Sasa nakuja kwenye asidi. Nitasema polepole.

Mawe ya shaba ya nchi hii, yale ya kijani mnayoyajua, mengi huyeyushwa kwa asidi ya salfa. Shaba inatoka kwenye jiwe, inaingia kwenye maji, kisha umeme unaivuta na kuigeuza mabamba. Bila asidi hakuna mabamba. Migodi mingine inajitengenezea kwa kuchoma kiberiti, lakini mingine inanunua, na sehemu kubwa ya asidi hiyo imekuwa ikitoka kwenye matanuru ya shaba ya Zambia. Inavuka mpaka kwenye matangi, juu ya makamyo, inapita kandokando ya masoko yetu na shule zetu, kilomita mia kadhaa hadi Kolwezi.

Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe, kwenye barabara hiyo hiyo ya kwenda Kolwezi, kamyo la asidi liligongana na basi. Watu wapatao 20 walikufa. Mnajua walikufaje? Wengine hawakuuawa na kugongana. Asidi iliwamwagikia. Ilitiririka barabarani hadi mtoni. Kuna watu wa kijiji kile waliobaki na makovu.

Nilikuwa darasani habari ilipofika. Nilikuwa na mwanafunzi mwenye shangazi upande ule. Aliomba ruhusa ya kutoka, akaenda kusimama chini ya mwembe, na sikujua nimfuate au nimwache. Nilimfuata. Aliniuliza swali moja: "Mwalimu, kwa nini asidi inapita njia moja na watu?"

Sikuwa na jibu. Miaka imepita, na hadi leo silioni jibu. Kwa nini asidi inapita njia moja na watu? Matangi ya reli yapo duniani tangu zamani. Chingola na Mufulira, miji ya matanuru ya Zambia, ina reli. Reli hiyo inafika Ndola, na kutoka Ndola inaingia kwetu Sakania, inafika hapa, inapita Likasi na Tenke, inafika Kolwezi. Njia ipo! Imechoka, lakini ipo. Haipiti katikati ya soko, haipiti mlangoni mwa shule kila mita mia, na treni haikutani uso kwa uso na basi lenye abiria 60 kwenye kona.

Wazee wa reli, najua mnachotaka kunijibu, kwa hiyo nitakisema kabla yenu. Reli yetu nayo inaua. Machi 2022, Buyofwe, upande wa Lubudi, treni ya mizigo iliacha njia na mabehewa yakaanguka bondeni. Watu wasiopungua 75 walikufa. Ilikuwa treni ya mizigo, lakini watu walikuwa juu yake, kwa sababu hawakuwa na usafiri mwingine wa kwenda makwao. Sitasimama hapa niwaambie reli ni malaika. Reli iliyosahauliwa ni hatari kama kamyo lenye breki mbovu. Hata Uswisi, nchi yenye fedha na mafundi, Agosti 2023 gurudumu la behewa moja lilivunjika ndani ya handaki lao refu la Gotthard, na handaki likachukua zaidi ya mwaka kufunguliwa kikamilifu. Kipande cha gurudumu, mwaka mzima.

Kwa hiyo ninaposema mzigo urudi kwenye reli, sisemi tupakie kesho asubuhi asidi juu ya mataruma yaliyooza. Nasema fedha ziende huko kwanza: kipande cha Sakania hadi Kolwezi kwanza, kokoto kwanza, mataruma kwanza, mafundi wa kukagua magurudumu kwanza. Na watu wapewe mabehewa ya abiria, ili mama asilazimike tena kupanda juu ya mzigo kwenda kuzika mama yake.

"Fedha zitatoka wapi?" Mtaniuliza. Nimewataja Waswisi, niwamalize. Nchi yao iko katikati ya milima, na malori ya nchi jirani yalikuwa yanapita kwao kwenda upande wa pili, kama makamyo yanavyopita kwetu. Walichoka. Februari 1994 wananchi wenyewe, kwa kura, tena kwa tofauti ndogo, walitia ndani ya katiba yao kwamba mzigo wa kupita tu nchini uhamie kwenye reli. Tangu 2001 kila lori zito linalipa kwa uzito wake, kwa kilomita zake na kwa moshi wake. Mwaka huo huo, Oktoba, malori mawili yaligongana ndani ya handaki la barabara la Gotthard, moto ukawaka, watu 11 wakafa.  Na fedha ya ada ile, sehemu kubwa ilikwenda kuchimba mahandaki ya reli. Lile la Gotthard la kilomita 57 lilifunguliwa 2016. Leo, katika kila tani 10 zinazovuka milima yao, kama 7 zinapita kwa treni. Malori yaliyokuwa milioni 1.4 kwa mwaka mwaka 2000 yameshuka chini ya milioni 1.

Hawakumwomba mtu msaada. Lori ndilo lililolipa kujenga reli iliyolipunguza barabarani. Na sisi tuna peaje tayari! Tunayo mizani tayari. Kinachokosekana ni kwamba anayeila lami mara elfu kumi alipe kama mtu anayeila mara elfu kumi, na fedha ile ionekane ikigeuka kuwa mataruma. Ionekane. Iandikwe ubaoni pale pale peaje: mwezi huu tumekusanya kiasi hiki, tumenunua mataruma haya, yamelazwa kati ya kituo hiki na kituo kile.

Sasa nageuka nyuma, kwa yaya yangu na wenzake.

Yaya, wiki iliyopita ulikuja nyumbani baada ya siku tano za foleni Kasumbalesa. Ulikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Ulinieleza mnavyolala chini ya kamyo na mbabula, jiko la makaa, ya kupikia bukari kando, mmoja akikesha ili matairi yasiibwe na mafuta yasinyonywe. Nilipokusomea hotuba hii ukakaa kimya, kisha ukasema, "Dada, treni moja, makamyo 40. Treni hiyo ina madereva wangapi?" Wawili. "Sisi 38 tunakwenda wapi?"

Hilo ndilo swali kubwa kuliko yote humu ndani, na atakayelipita kwa haraka msimwamini.

Agosti 2019 serikali ya Kenya iliagiza kwamba makontena yanayoshushwa Mombasa kwenda bara yapakiwe treni mpya, yote, kwa amri. Watu wa Mombasa wakaingia barabarani kuandamana: madereva, makanika, mama ntilie, wenye nyumba za wageni kandokando ya barabara kuu. Hawakuipinga treni. Walikuwa wanapinga kuambiwa jioni kwamba asubuhi hawana kazi. Amri ile ikabidi isitishwe. Reli waliyoijenga kwa mabilioni ikaonekana adui wa watu wake, na chuki ya namna hiyo haifutiki kwa tangazo la redio.

Kwetu isiwe hivyo. Treni haifiki shimoni mwa mgodi wala mlangoni mwa ghala. Inafika stesheni. Kutoka mgodini hadi stesheni nani atabeba? Kamyo. Kutoka stesheni hadi sokoni nani atabeba? Kamyo. Hizo ni safari fupi, za mtu anayelala kwake. Yaya, hesabu mwenyewe usiku uliolala nyumbani mwaka huu. Watoto wako wanakufahamu zaidi kwenye simu kuliko mezani. Lakini safari hizo fupi zitolewe kwanza kwa madereva walioko leo barabarani, majina yao yaandikwe kabla behewa la kwanza halijapakiwa, na mshahara usishuke. Lisipoandikwa, halipo. Na hazitatosha kwa wote 38, sitakudanganya. Ndiyo maana nasema tuanze na asidi, tusianze na kila kitu. Asidi ni sehemu moja ya mzigo, ndiyo inayoua vibaya kuliko yote, ndiyo inayotoka sehemu chache zinazojulikana kwenda sehemu chache zinazojulikana. Mzigo wa namna hiyo treni inaupenda. Mnaweza kuuhamisha bila kuvunja nyumba za watu.

Wengine watasema mambo yameshaanza, Lobito inafufuka. Ni kweli, na nafurahi. Kampuni iliyopewa kuendesha njia ya Lobito kwa miaka 30 ilianza kazi 2024, na shaba kutoka Kolwezi imeshapita huko hadi baharini. Lakini tazameni ramani, wanafunzi wangu! Treni hiyo inatoka Kolwezi inaelekea magharibi. Asidi inatoka Zambia, kusini na mashariki yetu. Unga wa mahindi unatoka huko huko. Agosti 2024 mpaka wa Zambia ulipofungwa kwa siku chache tu, mama zangu mnakumbuka hofu iliyoingia sokoni. Lobito itatoa shaba kwa haraka zaidi, na barabara yetu ya Kasumbalesa inaweza kubaki vile vile na mifereji yake. Njia ya shaba kutoka imepata wenye fedha wa kuipigania. Njia ya sisi kuishi itapiganiwa na nani, kama si watu waliomo humu?

Na siku tutakapokwenda mbele ya wakubwa wa jimbo, wataniuliza mimi mwalimu: mama, hayo makamyo ya asidi ni mangapi? Sitaki kujibu "mengi". Mengi si namba.

Kwa hiyo, Jumamosi ijayo tutahesabu. Saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kikundi cha kwanza kitakaa kwenye njia ya Kasumbalesa, cha pili kwenye njia ya Likasi, na wazee wa reli watakaa kwenye kivuko cha reli wahesabu mabehewa, kwa sababu wao wanajua lililojaa na lililo tupu kwa kulisikiliza tu. Matangi yaandikwe peke yake. Yaya na wenzake wamekubali kukaa na kila kikundi wawaonyeshe lipi ni la asidi na lipi ni la mazutu. Msisogee barabarani, msimpige picha dereva, msimsimamishe mtu. Njooni na daftari, kalamu mbili, maji na kofia. Mama wa nyanya ameshasema atatuwekea kivuli chini ya turubai lake, na atakayefika wa kwanza amsaidie kulifunga.